Shule Kuu za Ufaransa na Haki ya Mtihani

Msomaji, huenda wakati huu unajiandaa kwa mtihani. Huenda umeambiwa na wazazi wako, na walimu wako, na wengine wanaokutakia mema, kwamba mtihani ndio mizani ya haki: haujui jina la baba yako, hautazami viatu vyako, wala hauulizi nyumba ya kwenu imeezekwa kwa nini. Humpa kila mtu alichostahili. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, nami sina nia ya kukuvunja moyo ukaitupa kalamu yako. Lakini ukweli huo ni nusu, na nusu ya ukweli ikirudiwa mara nyingi huwa hatari kuliko uwongo, kwa sababu uwongo hukamatwa upesi. Ili nikuonyeshe hatari hiyo, nakuomba tusafiri kwa fikira mpaka Ufaransa, nchi ambayo pengine imeutukuza mtihani kuliko nchi nyingine yoyote, tukazitazame shule zake ziitwazo Grandes Écoles, yaani Shule Kuu.

Yafaa kwanza ujue shule hizo ni nini. Katika Ufaransa elimu ya juu ina njia mbili. Njia ya kwanza ni pana, nayo ni ya vyuo vikuu. Kijana aliyefaulu baccalauréat, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, ana haki kwa sheria ya kujiandikisha katika chuo kikuu, ijapokuwa si kila somo lina nafasi kwa kila aombaye. Njia ya pili ni nyembamba. Wachache huchaguliwa kuingia madarasa ya matayarisho, ambayo huwekwa ndani ya shule za sekondari zenye sifa, kama Louis-le-Grand na Henri-IV mjini Paris. Humo hukaa miaka miwili, na baadhi yao mitatu, wakisoma usiku na mchana, wakiulizwa maswali kwa mdomo kila juma mbele ya ubao, na kupewa alama ambazo mara nyingi huwaliza watu ambao hawakupata kushindwa darasani maisha yao yote. Mwisho wa miaka hiyo hufanya mtihani wa kuingia Shule Kuu.

Tena mtihani huo si kama ule uujuao wewe, ambao kila afikishaye kiasi fulani cha alama huhesabiwa kuwa amefaulu. Huo ni mashindano. Nafasi zimekwisha kuhesabiwa kabla ya kalamu ya kwanza kugusa karatasi. Ikiwa nafasi ni 400, basi wa 400 ameingia na wa 401 amebaki nje, hata kama tofauti kati yao ni chembe ya alama. Wa 400 ataitwa mwanafunzi wa Shule Kuu fulani mpaka siku atakayozikwa; wa 401 hataitwa hivyo kamwe.

Shule hizi ni za zamani. Shule ya Madaraja na Barabara ilianzishwa mwaka 1747, na Shule ya Madini mwaka 1783, wakati wafalme wangali wakitawala. Kisha yakaja Mapinduzi. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1789 liliamua kwamba vyeo vya umma viwe wazi kwa raia wote kwa kadiri ya uwezo wao, pasipo kutazama nasaba. Lilikuwa neno kubwa katika nchi ambayo mtoto wa kabaila alizaliwa na cheo chake mkononi. Mwaka 1794 zikazaliwa shule mbili zilizo mashuhuri kupita zote: École polytechnique ya wahandisi, na École normale ya walimu. Napoleon akaifanya ile ya kwanza kuwa shule ya kijeshi mwaka 1804, na mpaka leo wanafunzi wake huandamana mjini Paris tarehe 14 Julai wamevaa sare na panga. Baada ya Ufaransa kushindwa vitani na Prussia, ikaanzishwa shule ya siasa mwaka 1872, iitwayo leo Sciences Po. Mwaka 1881 ikafuata HEC ya biashara. Na mwaka 1945, baada ya vita vikuu vya pili, serikali ya Jenerali de Gaulle ikaunda ENA, shule ya kuwafundisha watawala wa nchi.

Mtu mwenye haki hawezi kukana mema ya shule hizi. Louis Pasteur, mtoto wa mtengeneza ngozi, aliingia École normale mwaka 1843, na ulimwengu mzima umefaidika kwa kazi yake juu ya vijidudu vya maradhi. Henri Poincaré, mmoja wa wataalamu wakubwa wa hesabu, alitoka Polytechnique. Madaraja, reli, migodi na mitambo ya umeme ya Ufaransa imejengwa na watu waliolelewa katika shule hizi. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba zinafundisha vibaya. Zinafundisha vizuri sana. Hoja yangu ni juu ya nani anayefundishwa, na juu ya kiburi kinachomea katika kuchaguliwa huko.

Tuanze na nani. Wafaransa wenyewe wamefanya uchunguzi, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021. Yalionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2016 na 2017, wanafunzi 64 katika kila 100 wa Shule Kuu walitoka katika nyumba zenye hali njema kabisa, za wakuu wa kazi, wataalamu na walimu. Waliotoka katika nyumba za hali ya chini walikuwa 9 tu. Lakini miongoni mwa vijana wote wa nchi wa umri wao, wale wa nyumba njema walikuwa 23 katika 100, na wale wa nyumba za chini walikuwa 36. Tena uchunguzi ule uliona kwamba kwa muda wa miaka kumi hali hiyo haikubadilika sana, ingawa ahadi za kuibadilisha zilikuwa nyingi.

Sasa nijibu, msomaji. Mtihani hausomi jina, na karatasi husahihishwa pasipo kujulikana mwenyewe. Basi imekuwaje? Je, Mungu amegawa akili katika Ufaransa kwa kufuata mishahara ya wazazi? Hapana mwenye busara awezaye kusema hivyo. Jibu ni kwamba mtihani ni kipofu siku ya mtihani tu, lakini mbio zilianza miaka kumi na minane nyuma, na katika mbio hizo watu hawakuwa vipofu hata kidogo. Kuna mtoto aliyekuta vitabu nyumbani kabla ya kujua kusoma. Alisikia mezani, akila chakula chake, lugha ile ile atakayoulizwa na mtahini. Mama yake alijua tangu zamani ni shule gani ya sekondari ina madarasa mazuri ya matayarisho, maombi hupelekwa lini, na mwalimu gani wa ziada hulipwa kiasi gani. Mwenzake, mtoto wa mfagiaji katika kitongoji cha mji, au wa mkulima wa kijiji cha mbali, ana akili kama yeye, lakini hajapata hata kulisikia jina la madarasa hayo. Wahenga wetu walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa kwanza anachezea kwao. Wa pili amefika ngomani mgeni, hajui hata wapi pa kusimama.

Jambo hili lilielezwa kwa kina na Pierre Bourdieu, mtoto wa mtumishi wa posta katika kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambaye alipita Louis-le-Grand na École normale akawa mtaalamu mkubwa wa elimu ya jamii. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Jean-Claude Passeron walitoa kitabu walichokiita Les Héritiers, maana yake Warithi. Walionyesha kwamba shule hupokea urithi wa nyumbani, yaani lugha, desturi na mazoea ya watu waliosoma, kisha huurudisha kwa mtoto umeandikwa jina jipya: kipaji. Mwaka 1989 Bourdieu akatoa kitabu kingine juu ya Shule Kuu zenyewe, akakiita La Noblesse d'État, yaani ukabaila wa dola. Jina hilo lauma, na ni haki liume. Mapinduzi yaliufukuza ukabaila mlangoni; nao ukarudi dirishani umeshika cheti.

Wako wasemao kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kweli, lakini yupo ndege aliyelishwa kwa mkono na yupo aliyenyonyolewa manyoya. Na la kushangaza zaidi ni kwamba hazina ya serikali yenyewe huongeza chakula cha yule aliyeshiba. Ufaransa hutumia fedha nyingi zaidi kwa mwanafunzi mmoja wa madarasa ya matayarisho kuliko kwa mwanafunzi wa miaka ya mwanzo ya chuo kikuu. Wanafunzi wa Kifaransa walioingia École normale kwa mashindano, na wale wa Polytechnique, hulipwa mshahara na dola wakiwa masomoni. Mwenzao wa chuo kikuu, aliye katika ukumbi uliojaa mamia ya watu, mara nyingi hutafuta kazi ya jioni ili apate kula. Kodi ya mfagiaji inamlipia mtoto wa mkurugenzi. Kama hiyo ni haki, basi haki imebadili maana.

Tena hata upofu ule wa siku ya mtihani haukuwa kamili. Tangu mwaka 1794 mpaka mwaka 1972, yaani miaka 178, Polytechnique haikumpokea mwanamke hata mmoja. Mashindano yaliyosifiwa kuwa hayajui mtu yalikuwa yakijua vizuri sana jambo moja, kama mtahiniwa ni mwanamume au mwanamke. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1972, wanawake saba waliingia, na aliyekuwa wa kwanza kupita wote, wanaume kwa wanawake, alikuwa msichana, Anne Chopinet. Fikiri basi ni wasichana wangapi wa kiasi chake waliopotea katika miaka 178.

Kuna na hoja nyingine, nayo ni kwamba mashindano haya yanaweza kumkosa hata yule hasa anayetafutwa. Évariste Galois alikuwa mwanafunzi wa Louis-le-Grand. Alijaribu mara mbili kuingia Polytechnique, mwaka 1828 na mwaka 1829, na mara zote mbili watahini walimkataa. Mwaka 1832 aliuawa kwa risasi katika pambano la watu wawili, hajatimiza miaka 21. Karatasi alizoziacha zilichapishwa mwaka 1846, nazo zikafungua mlango mpya katika hesabu. Leo nadharia yenye jina lake hufundishwa duniani kote, na hapana shaka hufundishwa pia katika shule ile iliyomkataa. Majina ya watahini wake wachache tu huyakumbuka.

Mfano mwingine ni wa Mwafrika. Léopold Sédar Senghor alitoka Senegal akafika Paris mwaka 1928, akasoma katika darasa la matayarisho la Louis-le-Grand pamoja na rafiki yake Georges Pompidou. Pompidou aliingia École normale, Senghor alishindwa. Lakini Senghor hakukaa chini akalia. Alipita njia ya chuo kikuu, na mwaka 1935 akawa Mwafrika wa kwanza kufaulu agrégation ya sarufi, mtihani mkubwa wa walimu wa nchi hiyo. Akawa mshairi mashuhuri, na rais wa Senegal tangu mwaka 1960 mpaka 1980. Pompidou naye akawa rais wa Ufaransa mwaka 1969. Wawili hao walikaa darasa moja. Mlango ulimchukua mmoja ukamwacha mwingine. Na dunia ilipowapima kwa mizani yake yenyewe, iliwaona wote wawili. Lakini usifanye haraka kufurahi. Kwa kila Senghor aliyepata njia nyingine, wako wengi walioamini hukumu ya karatasi ile wakajiona si kitu.

Sasa nije katika kiburi, ambacho naona ni kosa kubwa kuliko yote. Katika ENA, mwanafunzi alipomaliza masomo alipangwa kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho. Walio juu walichagua kwanza, na kwa desturi walichagua Ukaguzi Mkuu wa Fedha, au Baraza la Dola, au Mahakama ya Hesabu. Kijana wa miaka 25 au 26, ambaye hajapata kuongoza hata ofisi ndogo ya wilaya, alikabidhiwa cheo ambacho kilimfungulia milango ya wizara, na baadaye ya mabenki na makampuni makubwa, kwa maisha yake yote. Aliyekuwa wa 30 mwaka ule alibaki wa 30, hata kama baada ya miaka ishirini ya kazi alikuwa amempita kwa busara aliyekuwa wa 3. Tangu mwaka 1974 mpaka uchaguzi wa mwaka 2022, watu sita wamechaguliwa kuwa rais wa Ufaransa. Wanne kati yao, Valéry Giscard d'Estaing, Jacques Chirac, François Hollande na Emmanuel Macron, walipita ENA, shule ambayo katika miaka yake ya mwisho ilikuwa na nafasi kama 80 tu kwa mwaka.

Nchi inayotawaliwa na watu waliosoma vitabu vile vile, kwa walimu wale wale, huona kwa jicho moja. Mwishoni mwa mwaka 2018 watu waliovaa vizibao vya manjano walijaa barabarani na katika njia panda za Ufaransa. Kilichowasha moto ni kodi ya mafuta ya magari. Waliopanga kodi ile walikuwa watu wenye akili nyingi. Lakini ni wachache miongoni mwao waliojua maisha ya mtu anayeishi kilomita arobaini kutoka kazini kwake, mahali pasipo na gari la moshi. Mwaka 2019 Rais Macron aliahidi kuifunga ENA, shule iliyomlea mwenyewe. Tangu Januari 2022 mahali pake pamechukuliwa na taasisi mpya, na sheria mpya zikataka wahitimu wafanye kazi kwanza kabla ya kupewa vyeo vile vya juu. Ni hatua njema. Lakini kubadili jina la mlango si kuitengeneza njia iendayo mlangoni, na mtoto wa mfagiaji bado yuko mbali.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, tena ni hoja yenye nguvu. Watasema: ukiuondoa mtihani utaweka nini mahali pake? Utarudisha barua za mjomba, na bahasha za usiku, na kabila, na jina la ukoo. Nakubali kabisa. Mtihani ulio mkali ni bora mara elfu kuliko upendeleo, na maskini ana tumaini zaidi kwa karatasi isiyo na jina kuliko kwa mlango wa nyuma. Mimi sitaki mtihani uondolewe. Nataka uache kuabudiwa.

Na kuacha kuuabudu ni mambo matatu. La kwanza, njia itengenezwe tangu mwanzo, wala isingojewe siku ya mwisho. Mwaka 2001 Sciences Po ilifanya mapatano na shule za sekondari za vitongoji vya watu maskini, ikawapokea wanafunzi wao kwa usaili badala ya mtihani wa kawaida. Kelele zilikuwa nyingi. Watu walidai kwamba sifa ya shule itaanguka. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na shule ingali na sifa yake. La pili, fedha ya umma imfuate mwenye haja. Ikiwa lazima mmoja aongezwe, aongezwe yule wa ukumbi uliojaa watu. La tatu, cheo cha ujana kisiwe hati ya kumiliki maisha. Mtu apimwe tena akiwa na miaka 30, na 40, na 50, kwa kazi aliyoifanya. Mkulima hasifiwi milele kwa mavuno ya mwaka mmoja.

Msomaji, nimekupeleka mbali, lakini sikukutoa katika jambo lako. Utakapokaa mbele ya karatasi yako, andika kwa nguvu zako zote, kwani hiyo ni kazi yako na hapana wa kukufanyia. Ukishinda, furahi, kisha kumbuka waliokulipia karo, na waliokuwashia taa, na mwalimu aliyekusahihishia daftari jioni, na yule jirani yako mwenye akili kama yako aliyetoka shuleni kwa kukosa ada. Ushindi wako una wenyewe wengi. Ukishindwa, huzunika kwa siku zake, lakini usiikubali karatasi ikuambie wewe ni nani. Haikuulizwa swali hilo. Na ikiwa siku moja utakuwa wewe ndiye mshika mlango, kama mwalimu, au mkuu wa chuo, au waziri, usitosheke kusema kwamba mlango ulikuwa wazi. Toka nje, utembee mpaka mwisho wa njia, ukatazame ni nani ambaye bado hajafika, na kwa nini.